Okapi na Tausi wa Kongo: Ujuzi wa Wenyeji katika Historia ya Hifadhi ya Wanyama Msituni Ituri

1. Utangulizi

Historia ya hifadhi za wanyama nchini Kongo huanzishwa kwa kawaida na tarehe 21 Aprili 1925, siku ambayo mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alitia sahihi amri ya kuunda hifadhi ya taifa iliyopewa jina lake, na ambayo tangu mwaka 1969 inaitwa Virunga. Mwanzo huo ni wa kweli kwa upande wa sheria. Hata hivyo, unaficha jambo moja: kabla ya mnyama kulindwa na sheria ni lazima kwanza ajulikane, na kabla ya kujulikana na wataalamu wa Ulaya alikuwa amekwisha kujulikana na watu walioishi naye, wakamwita kwa jina, wakaeleza nyayo zake, chakula chake na njia ya kumkamata.

Makala haya yanachunguza viumbe wawili wa misitu ya Kongo: okapi, aliyeingia katika vitabu vya sayansi mwaka 1901, na tausi wa Kongo, aliyeingia mwaka 1936. Wote wawili walihesabiwa kuwa wamevumbuliwa. Ukweli ni kwamba wote wawili walichelewa kuandikwa kwa sababu maneno ya wenyeji hayakusikilizwa au hayakufuatiliwa mpaka mwisho. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kosa hilo la awali lilirithiwa na hifadhi zenyewe, na kwamba pale lilipoanza kusahihishwa, yaani huko Epulu, kazi ya kulinda wanyama ilipata msingi ambao amri peke yake isingeweza kuupata.

2. Okapi: nyayo zisizosadikiwa

Kiswahili kilifika Ituri katika miaka ya 1880 pamoja na misafara ya watafutaji wa pembe za ndovu. Henry Morton Stanley alipopita msituni humo kati ya mwaka 1887 na 1889, akielekea kumtafuta Emin Pasha, alikuta makambi ya watu hao, likiwamo lile la Ugarrowwa. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1890, Stanley aliandika kwa maneno machache kwamba Wambuti wanamjua mnyama anayefanana na punda, wanamwita “atti”, na mara nyingine humkamata kwa mashimo. Maneno hayo machache yalikuwa na habari tatu: mnyama yupo, ana jina, na kuna mbinu ya kumnasa. Wasomaji wa Ulaya walishangazwa zaidi na habari ya punda anayeishi ndani ya msitu mnene.

Mmoja wa wasomaji hao alikuwa Harry Johnston, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kutawala Uganda mwaka 1899. Mwaka uliofuata alilazimika kuingilia kati shauri la Mjerumani mmoja aliyekuwa ameteka kundi la Wambuti ili kuwapeleka Paris wakaonyeshwe katika maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Johnston aliwakomboa na kuwarudisha kwao, ng'ambo ya mto Semliki. Wakiwa pamoja naye aliwauliza habari za punda wa Stanley. Wakamjibu bila kusita: wanamjua, mgongo wake ni mweusi na miguu yake ina milia. Jina walilolitaja alilisikia kama “o'api”, kwa kuwa sauti ya katikati, ambayo katika lugha jirani ilisikika kama k yenye pumzi, karibu haikutamkwa. Kutokana na matamshi hayo mawili lilizaliwa neno “okapi”, ambalo leo limo katika lugha nyingi za dunia.

Tukio lililofuata ndilo lenye funzo kubwa kuliko yote. Wenyeji walimpeleka Johnston msituni, wakamwonyesha nyayo za mnyama huyo. Nyayo hizo zilikuwa na kwato zilizopasuka, kama za ng'ombe au za twiga. Lakini Johnston alikuwa ameshikilia kwamba anamtafuta mnyama wa jamii ya farasi, na farasi ana kwato moja isiyopasuka. Kwa hiyo hakuwasadiki. Alidhani kwamba wanamwonyesha nyayo za mnyama mwingine, naye akaacha kuzifuata.

Kwenye kituo cha Mbeni, maofisa wa Dola Huru ya Kongo walimthibitishia kwamba mnyama huyo huletwa mara kwa mara na wenyeji, na kwamba askari hukata ngozi yake kutengeneza mikanda na mishipi. Johnston alipata vipande viwili vya ngozi hiyo, akavipeleka London. Mwaka 1901 mtaalamu Philip Sclater, akiwa na vipande hivyo tu, alimtangaza mnyama mpya wa jamii ya farasi na punda milia, akampa jina la Johnston. Muda mfupi baadaye ofisa Msweden aliyeitwa Karl Eriksson alimpelekea Johnston ngozi nzima pamoja na mafuvu. Hapo shaka ikaondoka: mnyama hakuwa punda, alikuwa ndugu wa twiga. Ray Lankester, aliyeyachunguza mabaki hayo mwaka huohuo, alimtenga katika jenasi mpya, na tangu hapo jina lake la kisayansi ni Okapia johnstoni.

Waliosema kweli kuhusu kwato, basi, walikuwa wenyeji. Aliyekosea alikuwa mgeni, naye alikosea si kwa kukosa ushahidi bali kwa kukataa ushahidi aliowekewa mbele ya macho yake. Na jina la kisayansi lenyewe limehifadhi kumbukumbu ya pande zote mbili. Sehemu yake ya kwanza ni neno la msituni. Sehemu ya pili ni jina la yule aliyeonyeshwa nyayo naye asizifuate.

3. Tausi: unyoya wa Avakubi

Kisa cha pili kinaanza mwaka 1909, wakati jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe la New York lilipotuma Kongo safari ya utafiti chini ya uongozi wa Herbert Lang. Msaidizi wake, James Chapin, alikuwa kijana wa miaka 19. Safari hiyo iliendelea mpaka mwaka 1915. Shehena yake ilifikia tani 54 hivi, nayo ilichukuliwa vichwani na mabegani na wapagazi ambao, kwa kuhesabu kila safari, walifikia 38,000. Elimu ya ndege wa Kongo, ambayo Chapin aliiandika baadaye katika vitabu vinne vilivyotoka kati ya mwaka 1932 na 1954, ilisimama juu ya migongo hiyo.

Mwaka 1913, huko Avakubi kando ya mto Ituri, Chapin aliona unyoya mmoja katika kofia ya mwenyeji. Ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, wenye milia myeusi. Akaununua na kuulinganisha na manyoya ya kanga, ya kwale na ya kila ndege aliyemjua, lakini haukulingana na yeyote. Mwenye kofia bila shaka alijua, au angeweza kuuliza na kujua, unyoya huo ulitoka kwa ndege gani. Lakini ndege mwenyewe hakupatikana, na unyoya ukakaa katika mikusanyo ya Chapin kwa zaidi ya miaka 20.

Jibu lilipatikana mbali na Ituri. Mwaka 1936 Chapin alikuwa Tervuren, karibu na Bruxelles, akifanya kazi katika makumbusho ya Kongo ya Mbelgiji. Katika ujia usiopitwa na watu wengi, juu ya kabati, aliwakuta ndege wawili wakubwa waliokaushwa na kusimamishwa. Walikuwa wametolewa zawadi na kampuni ya Kasai, na kibandiko chao kilisema kwamba ni tausi wa Bara Hindi, wachanga bado, walioingizwa Kongo kutoka nje. Chapin alimtazama jike, akautambua unyoya wa Avakubi. Mwaka huohuo akatangaza jina la Afropavo congensis, yaani tausi wa Afrika aliye wa Kongo.

Habari hii ilishtua wataalamu, kwa sababu ndege wote wa jamii ya tausi waliojulikana mpaka wakati huo walikuwa wa Asia. Mwaka 1937 Chapin alirudi Kongo. Safari hii hakutegemea makabati: aliwauliza wawindaji. Nao walimjua ndege huyo vizuri, wakijua sehemu anazopenda na mlio wake wa usiku, ambao dume na jike huitikiana. Kwa msaada wao ndege aliyetafutwa kwa miaka 24 alipatikana katika muda wa miezi michache. Dume ana rangi ya buluu iliyokolea yenye kung'aa kijani na zambarau, ngozi nyekundu shingoni na kishungi cheupe kilichosimama. Jike ni kahawia, na mgongo wake ni wa kijani.

Tofauti na okapi, jina la kisayansi la ndege huyu halikuchukua neno lolote la wenyeji. Vitabu vya ndege hutaja jina “mbulu”, lakini katika Kiswahili hutajwa kwa maelezo tu: tausi wa Kongo. Hivyo, hata baada ya kujulikana, anatajwa kwa kufananishwa na ndege wa Bara Hindi, kama vile kibandiko cha Tervuren kilivyofanya.

4. Kutoka rima hadi hifadhi

Kujulikana kwa okapi kulimletea hatari mpya. Majumba ya makumbusho yalitaka ngozi na mifupa, na bustani za wanyama za Ulaya na Marekani zilimtaka akiwa hai. Bustani ya Antwerp ndiyo iliyotangulia kumpokea. Ile ya Bronx, mjini New York, ilimpata wake wa kwanza mwaka 1937. Wakati huo sheria ilikuwa tayari imeingia: okapi analindwa nchini Kongo tangu mwaka 1933. Wenyeji wakakatazwa kumuua, huku serikali ikiendelea kumkamata na kumsafirisha.

Mahali ambapo mambo haya yote yalikutana ni Epulu, kando ya mto wenye jina hilo, kwenye barabara inayotoka Mambasa kuelekea Kisangani. Mmarekani Patrick Putnam, aliyesomea elimu ya watu na mila zao, alikuwa amejenga kambi hapo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, akaishi na Wambuti mpaka kufa kwake mwaka 1953. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliweka hapo kituo cha kukamatia okapi. Mbinu iliyotumika ilikuwa rima: shimo refu linachimbwa katika njia ya mnyama, linafunikwa kwa fito na majani, na mnyama anapotumbukia anazungushiwa ua na kuongozwa taratibu mpaka kwenye zizi. Ndiyo mbinu ileile ambayo Stanley alikuwa ameiandika zaidi ya miaka 60 kabla. Kilichobadilika ni mwisho wa mnyama: badala ya kuchinjwa, alisafirishwa. Walioijua njia atakayopita okapi usiku walikuwa bado ni Wambuti na wanavijiji jirani zao.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, na hasa katika vita vya mwaka 1964, kazi ya Epulu ilivurugika. Ilifufuka katika miaka ya 1980 kwa njia mbili. Kwanza, watafiti John Hart na Terese Hart walianza kuchunguza maisha ya okapi msituni kwa kuwavisha kola zenye mitambo ya redio, wakiongozwa na Wambuti katika kuwafuatilia. Swali halikuwa tena “mnyama huyu ni wa jamii gani?” bali “anakula nini, anatembea wapi, anahitaji eneo kubwa kiasi gani?”, na kwa swali la namna hiyo hakuna aliyeweza kujifanya kwamba hahitaji mfuata nyayo. Pili, mwaka 1987 ulianzishwa mradi wa kuhifadhi okapi kwa makubaliano na taasisi ya serikali ya kuhifadhi mazingira ya asili, ile iliyokuwa IZCN na ambayo tangu mwaka 1997 ni ICCN.

Matunda ya kazi hizo ni Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, iliyoundwa mwezi Mei 1992, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 13,700. UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996. Hifadhi hii inatofautiana na ile ya mwaka 1925 katika jambo la msingi. Virunga iliundwa kwa fikra kwamba wanyama hulindwa kwa kuwatoa watu, na malalamiko ya ardhi yaliyotokana na fikra hiyo hayajakwisha. Huko Ituri, Wambuti, Waefe na wakulima wa makabila kama Wabira, Wandaka, Wabudu na Walese waliendelea kuishi ndani ya hifadhi. Sehemu ya kati ilitengwa isiwindwe kabisa. Kwingineko uwindaji wa kujipatia chakula kwa nyavu na mishale uliruhusiwa kwa wanyama wasiolindwa na sheria, kama vile mboloko. Okapi mwenyewe haguswi popote.

Haifai kuipamba hali hiyo. Mwaka 1997 hifadhi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kwa sababu ya vita, ujangili wa tembo na uchimbaji wa dhahabu. Tarehe 24 Juni 2012 kundi la Mai-Mai lililoongozwa na Paul Sadala, aliyejulikana kama Morgan, lilishambulia Epulu. Watu 6 waliuawa, wakiwamo walinzi wa hifadhi, nyumba na ofisi zilichomwa, na okapi 14 waliotunzwa kituoni wakapotea kwa risasi. Shambulio hilo lilitokana na hatua za walinzi dhidi ya wawindaji na wachimbaji haramu. Mwaka uliofuata okapi aliandikwa rasmi katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Waliouawa Epulu hawakufa kwa ajili ya mnyama wa kigeni aliyevumbuliwa na Johnston. Walikufa wakiwa kazini katika nchi yao, kijijini walikoishi.

5. Suala la maneno

Je, mambo haya yanawahusu nini wanaosoma Kiswahili? Yanawahusu kwa sababu ulinzi wa wanyama hutangazwa, hufundishwa na huhukumiwa kwa lugha, na katika mashariki ya Kongo lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili.

Mfano wa kwanza ni neno “nyama”. Katika Kiswahili sanifu mnyama ni kiumbe, na nyama ni kitoweo. Katika Kiswahili cha Kongo “nyama” hutumika mara nyingi kwa maana zote mbili. Mlinzi anayewaambia wanakijiji kwamba “nyama hawa wanalindwa na sheria” anaweza kusikika kana kwamba anawakataza kula, kabla hajafikia kueleza ni mnyama gani na kwa nini. Si kwamba lugha inawafanya watu kuwa wawindaji. Ila anayetaka kueleweka hana budi kumtaja kila mnyama kwa jina lake, kwa kuwa neno la jumla halimtofautishi mboloko anayeruhusiwa na okapi asiyeruhusiwa.

Mfano wa pili ni uhaba wa majina yenyewe. Kamusi nyingi za Kiswahili zimetungwa kwa kutazama pwani na nyika za Afrika Mashariki. Zina pofu, kongoni, swala na nyumbu. Msitu wa mvua zimeuacha karibu mtupu. Watu wa Ituri wanaozungumza Kiswahili huujaza upungufu huo kila siku kwa maneno ya Kibira, Kilese, Kibudu au Kilingala, na mengi ya maneno hayo hayajaandikwa popote. Wazee wanaojua mlio wa kila ndege na jina lake wanapungua, na vijana wengi wanaohamia Mambasa, Beni au Bunia wanaachana na msitu pamoja na msamiati wake.

Mfano wa tatu ni wa faraja. Neno “okapi” limepata makao mapya. Ni alama ya taasisi ya ICCN, na tangu mwezi Februari 2002 ni jina la redio ya Umoja wa Mataifa nchini, ambayo hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo. Neno ambalo Wambuti walilitamka mbele ya mgeni mmoja mwaka 1900 linasikika leo kila asubuhi kutoka Bukavu mpaka Matadi, ingawa wengi wanaolisikia hawajui lilitoka kwa nani.

6. Hitimisho

Visa vya okapi na tausi vinaonyesha kwamba elimu ya wanyama wa Kongo ilijengwa na watu wa aina mbili, na kwamba vitabu vimewakumbuka wa aina moja. Johnston, Lankester na Chapin walifanya kazi halali, na si haki kuwabeza: bila wao wanyama hawa wasingelindwa na sheria yoyote ya kimataifa. Lakini Johnston angeokoa muda mwingi kama angezisadiki nyayo, na Chapin angempata tausi wake mapema kama swali alilowauliza wawindaji mwaka 1937 lingefuatiliwa hivyo mwaka 1913.

Funzo hilo linabaki na kazi ya kufanywa. Vyuo vikuu vya Kisangani, Bukavu, Bunia na Lubumbashi vina wanafunzi waliozaliwa karibu na hifadhi za Okapi, Maiko, Kahuzi-Biega, Virunga, Upemba na Kundelungu. Mwanafunzi wa isimu anayerudi kwao wakati wa likizo anaweza kukaa na mzee mmoja na kuandika majina ya ndege 50 kwa lugha ya kijiji na kwa Kiswahili cha huko, pamoja na maelezo ya mlio, chakula na kiota cha kila mmoja. Orodha za namna hiyo zikikusanywa na kulinganishwa zitamfaa mtunga kamusi, mwalimu wa shule ya msingi na mlinzi wa hifadhi. Kati ya majina hayo huenda likapatikana pia lile ambalo mwenye kofia wa Avakubi angelitaja mwaka 1913, na ambalo Kiswahili kingeweza kulichukua badala ya kuendelea kumwita ndege wa Kongo kwa jina la ndege wa Bara Hindi.